Mgawaji wa Ami Khalfan

Chumba cha Ami Khalfan kilinuka kungumanga na dawa ya macho. Kila alasiri Bibi alipita na chetezo cha ubani, akakizungusha mlangoni mara tatu huku akisoma, akakiweka chini ya dirisha, lakini moshi ukishamalizika harufu ya dawa ilirudi pale pale. La kuvunda halina ubani, wamesema wazee, ila Bibi yetu hakuwa mtu wa kushindwa na methali. Baada ya nusu saa alirejea na makaa mapya. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya zulia, miguu nimeikunja, kompyuta mbele yangu, sinia la bati magotini, na mkononi nina kokwa za tende zilizooshwa na kukaushwa juani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nyumba yetu iko Ibra, nyuma ya mashamba ya mitende, na dirisha la chumba kile lilitazama falaj, mfereji wa maji ya mashamba, basi mchana kutwa ungewasikia watoto wakirushiana maji na mama zao wakiwagombeza.

Ami Khalfan alikuwa mdogo wake Baba. Serikali ilimpeleka Marekani kusoma uhandisi, akakaa miaka minane, akarudi na shahada, talaka, picha ya binti yake aitwaye Salma, na maradhi ya mpira. Si mpira huu wetu wa miguu, maana huo hata paka wa mtaani anaujua. Ni ule wa mpira uliochongoka ncha mbili, unaobebwa na kurushwa kwa mikono, na watu wanaangushana kama wana deni la damu. Bibi alipouona mara ya kwanza aliuliza, "Mchezo gani huo wa kuvaa sufuria kichwani?" Ami alicheka mpaka akakohoa. Hakutaka habari za timu kubwa za kulipwa. Aliipenda timu ya chuo alichosoma, vijana wa miaka ishirini, kwa sababu, alisema, wale wakubwa wamezoea, lakini kijana wa chuo bado anakosea, na makosa ndiyo yanayokuonyesha mchezo ulivyoundwa. Angeweza kukueleza shambulizi moja la sekunde sita kwa muda wa saa nzima. Watu wazima walimkimbia. Mimi sikuwa na pa kukimbilia, na kusema kweli nilimpenda.

Mwaka ule macho yake yalianza kupoteza nuru. Alikuwa akifanya kazi Maskati, na kwanza aligonga geti la ofisi kwa gari, akasema geti limesogezwa. Kisha upande mmoja ukaingia ukungu, na upande wa pili ukafuata polepole. Baba alikwenda naye kwa daktari, wakarudi Ibra na mfuko wa dawa, na Baba akatukusanya akasema ni presha ya macho, inatibika, inataka subira tu. Ami akahamia kwetu. Nilimwona akijifunza nyumba kwa viganja, ukuta kwa ukuta, na kila akijikwaa alisema "Samahani" kwa kiti. Katika mwezi wa tano wa ugonjwa alikuwa haoni ila tofauti ya mchana na giza, na timu yake ilikuwa inakaribia kuanza msimu. Ndipo nilipopewa kazi. Ndugu zangu wakubwa walikuwa na shule na simu zao. Mimi, Asya, nilikuwa na Kiingereza cha darasani na kiherehere.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sahibu wake mmoja aliyesoma naye alibaki kule chuoni, na kila wiki alimtumia kwa mtandao picha za mchezo zile wanazotazama makocha. Hazina sauti. Zimepigwa kutoka juu kabisa ya uwanja, unawaona wachezaji wote ishirini na wawili. Ami aliwadharau watangazaji wa televisheni, aliwaita wapayukaji, basi ukimya ule haukumpunguzia kitu. Faili lilishuka polepole kama maji ya falaj wakati wa kiangazi, siku mbili nzima, na siku ya tatu baada ya alasiri tulikaa. Nilisimamisha picha kabla ya kila shambulizi, nikapanga juu ya sinia: kokwa za tende ni watu wetu, vijiwe vya wadi, lile bonde la mto mkavu, ni wapinzani. Ami alipitisha vidole juu yake, taratibu, akasema, "Watarusha kushoto, kwa yule wa nje." Nikabonyeza. Wallahi, mara saba katika kumi walirusha kushoto, kwa yule wa nje. Nilipiga makofi, na yeye akajifanya hakusikia, lakini masikio yalimgeuka mekundu.

Katikati ya kokwa tuliweka kungumanga moja aliyoikwapua Ami jikoni kwa Bibi, ili aijue upesi kwa kuigusa. Hiyo ilikuwa mgawaji. Jina alilibuni mwenyewe. Alisema fikiria harusi, fikiria yule mtu anayekaa juu ya sufuria la biriani na kupakua masinia. Chakula hakukipika yeye, lakini akiwa mzembe kuna meza italala njaa na sufuria limejaa. Mgawaji ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua ampe nani. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea mbele hatua kumi. Wakifika wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukuta wa watu watano unasimama mbele yake kumlinda. Ana sekunde tatu, pengine chini ya hapo. "Watu wanatazama mkono wake," Ami alinifundisha. "Wewe tazama miguu. Mkono haurushi kitu, miguu ndiyo inayorusha. Halafu tazama uso umeelekea wapi, maana mgawaji hodari hamtazami anayempa. Anamtazama mlinzi mmoja tu wa upande wa pili, na kumlazimisha achague. Akija mbele, mpira unapita nyuma yake. Akirudi nyuma, mpira unapita mbele. Shambulizi zuri, Asya, ni kumpa mtu njia mbili, na zote mbili ziwe kosa."

Mgawaji wao mwaka ule alikuwa kijana mrefu, mtumia mkono wa kushoto, na Ami alimpenda kama mtu anavyompenda mwanawe anayefaulu. Kocha alimwamini kiasi kwamba aliwatawanya wadakaji wanne, wale wanaorushiwa mpira, uwanja mzima, wawili huku na wawili huko, ukuta ukabaki mtupu bila msaada, na kijana akaachiwa atafute mwenyewe. Vidole vya Ami vilizijua kokwa zile nne za mbali. "Angalia anavyoaminiwa," alisema. Tulishinda michezo mitatu ya mwanzo. Kila Jumamosi baada ya magharibi, Salma alipiga simu kutoka Marekani kwa mama yake. Alikuwa na miaka tisa na hajui hata neno moja la Kiswahili. Ami alimsimulia mchezo kwa Kiingereza chake kile cha haraka, na mwisho wa simu kila mara alimwahidi jambo moja: macho yakirudi tu, anapanda ndege. Yule sahibu yake alikuwa ameshampa chumba, njoo hata kesho. Ami alikataa. "Nende nikamwone kwa nini?" aliniambia. "Sauti yake naisikia hapa hapa. Wacha nipone, nimwone uso."

Katika mchezo wa nne mgawaji alivunjika mguu. Niliona yote, bila sauti, kutoka juu. Alikuwa anatazama kushoto, upande wa kulia wa ukuta ukafunguka, mtu mkubwa akapita bila kuguswa, na mguu wa kijana ukakunjika pasipostahili kukunjwa. Wenzake walipiga magoti. Kikaja kigari kidogo kikamchukua. Vidole vya Ami vilikuwa bado juu ya sinia. "Vipi, karusha?" akauliza. Nikasema kompyuta imekwama, nikakimbilia jikoni. Bibi alikuwa anakaanga bagia. Nilimwambia huku nalia kwamba mgawaji kavunjika na siwezi kumwambia Ami. Bibi hakuuliza mgawaji ndiye nani. Aligeuza bagia zake, akazitoa, akazima moto, ndipo akaniinamia. "Sikiliza, mwanangu. Mgonjwa haambiwi mabaya. Atakata tamaa, na aliyekata tamaa hata dawa haimshiki. Nenda kamwambie kashinda." Nikamuuliza, na uongo? Akaniambia wa kumpoza mgonjwa hauandikwi dhambi. Akanipa bagia mbili.

Nilirudi nikasema mgawaji karusha hatua thelathini. Ami akapiga paja lake kwa furaha. Kuanzia pale nikaingia katika kazi nyingine kabisa, na nitasema ukweli, niliipenda. Barua za sahibu yake nilizisoma mimi kwa sauti, basi nilipofika kwenye habari ya mguu niliruka mstari. Sisi tulipofungwa, kwangu tulishinda. Yule mgawaji wa akiba, kifupi kimoja cha mkono wa kulia kilichokuwa kikitetemeka hata kutoka huko juu, nilimfuta asiwepo. Ami alikula vizuri wiki zile. Bibi alinishika kidevu mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye daktari wetu," na Baba akanitazama kwa jicho ambalo sikulifahamu, akatoka nje. Nilijiona mtu mkubwa, astaghfirullah. Nilianza hata kumpamba mgawaji wangu: hakosei, haangushwi, hachoki.

Lakini uongo wangu ulikuwa na kasoro moja ndogo, kwamba kokwa nilizipanga kama picha ilivyo. Sikujua kubuni mpangilio; hiyo ilikuwa elimu ya Ami, si yangu. Niliona picha, nikaipanga, yeye akaigusa, kisha nikabonyeza na kusimulia nilichotaka. Na mpangilio ulikuwa umebadilika. Kocha alikuwa hamwamini yule wa akiba. Aliwavuta watu wawili wakajibana ubavuni mwa ukuta kumlinda, akaweka wabebaji wawili nyuma yake wa kukimbia na mpira, na mbali kabisa akabaki mdakaji mmoja tu. Ami aligusa, akarudia kugusa. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Ya pili aliuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Ya tatu hakubashiri tena. Aliacha mikono yake juu ya sinia mpaka nilipomaliza kusimulia jinsi mgawaji alivyorusha hatua arubaini.

"Wadakaji wangapi pembeni?" akauliza. Nikasema mmoja. "Na vijiwe vingapi juu yake?" Viwili. "Na ndiye aliyerushiwa, hatua arubaini, akadaka?" Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini. Ami aliichukua ile kungumanga, akautafuta mkono wangu, akaniwekea kiganjani na kukifumba. "Njia ya mwongo fupi, mwanangu," akasema, wala hakukasirika. "Kocha hampangii hivi mtu anayemwamini. Huyu kawekewa watu wa kumkinga kila upande, kanyimwa uwanja, kaachiwa kitu kidogo asichoweza kukiharibu. Wangu hayumo. Wangu yuko wapi?" Nililia, nikamwambia mguu umevunjika, wiki ya tatu hii. "Nani kakwambia unifiche?" Bibi. Nikamwambia yote, mpaka la bagia, na yale maneno yake: Mgonjwa haambiwi mabaya.

Hapo alizikusanya kokwa zote kiganjani. Nilidhani anamfikiria yule kijana. Kisha akaanza kuniuliza mambo mengine, moja moja, na mengi hakuwa akiniuliza mimi. Tukienda kwa daktari, nani huingia kwanza? Baba. Na hukaa peke yake mle ndani? Sijui, Ami. "Mimi najua. Hukaa mpaka kahawa yangu inapoa." Ofisini nani aliyepiga simu kuuliza anarudi lini? Hakuna. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo puani. "Na mama yangu. Tangu nimeachana na mama Salma, Bibi yako hakulala bila ya kunitajia mke. Binti wa fulani, mjane wa fulani, hata wa kijiji cha Samad Ash Shan alishaniletea habari zake. Tangu nimeingia nyumba hii hajanitajia hata mmoja. Mama aliyeacha kumtafutia mwanawe mke, Asya, huyo anajua kitu." Akanituma nikamletee maji, na nilipoyaleta hakuyanywa.

Siku ya pili, kwenye chakula cha mchana, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka Said, daktari kakupa muda gani?" Mkono wa Baba ulisimama juu ya wali. Akauliza nani kamwambia. Ami akajibu hakuna aliyemwambia, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Nilimwona baba yangu akilia mbele ya sinia, kitu ambacho sikujua kuwa baba zetu wanakiweza. Haikuwa presha. Ni uvimbe ndani ya kichwa, unaosukuma macho kutoka nyuma, na daktari alikuwa amesema tangu siku ya kwanza kwamba kisu hakitamponesha. Mwaka mmoja, pengine usifike. Miezi kama saba ilikuwa imeshakwenda. Baba ndiye aliyeomba mgonjwa asiambiwe, na Bibi ndiye aliyemwomba Baba. Ami alisikiliza yote bila kukatiza. "Mngenambia siku ile," akasema mwishowe, "ningekwenda nikiwa na jicho moja na nusu. Ningemwona." Bibi akasema, "Tulikuhurumia, mwanangu." "Mmenihurumia mkaninyima mtoto," akasema Ami, akainuka, akaufuata ukuta mpaka chumbani kwake.

Simsingizii Bibi ubaya. Alilelewa Unguja katika nyumba ambazo habari mbaya hufika mwisho, baada ya kahawa, baada ya kuulizana hali mara nne, na mgonjwa hufunikwa na maneno mazuri kama anavyofunikwa na shuka. Alimzika mume na watoto wawili kwa desturi ile na hakuna aliyemlaumu. Ila safari hii ilikuwepo ndege, kilikuwepo chumba, na yupo mtoto aliyekuwa akingoja upande wa pili, na sisi tukakaa kimya, tukamwachia Ami apange maisha yake juu ya macho ambayo sote tulijua hayarudi. Sote ila mimi, nilikuwa nikijiambia. Lakini na mimi nilikuwa nimeshajifunza kusema uongo kwa ustadi ule ule na kupewa bagia.

Baba alihangaika sana kulipa kosa lake. Alikwenda Maskati kwa ajili ya viza, akaandika barua, akapigia watu. Viza ilitoka, na wiki ile ile Ami alianguka bafuni, mwili ukamtetemeka, akaamka hajui yuko wapi. Daktari akasema kichwa kile hakivumilii ndege. Mama yake Salma alisema atamleta yeye mtoto shule zikifungwa. Ami akaniambia tuendelee na mchezo, lakini kweli tupu. Basi tukaendelea. Timu yake ilifungwa mchezo baada ya mchezo, na alimchambua yule wa akiba bila huruma na bila chuki. "Anamganda mtu mmoja kwa macho, mlinzi anasoma uso wake na kumfika kabla ya mpira. Na hajui kuutupa mpira nje. Mwambie mtu, Asya, kuutupa mpira nje si woga. Umekosa nafasi, kubali, utupe, una majaribio mengine." Mara nyingine alisimama katikati ya sentensi kama mtu aliyesahau alilolifuata jikoni. Nilikaa naye, nikapanga kokwa.

Kitu cha mwisho maradhi yalichokichukua kabla ya roho ni Kiingereza chake. Kiliondoka katika siku chache, neno kwa neno, kikabaki Kiswahili peke yake, tena kile cha utotoni cha Bibi. Jumamosi Salma akapiga. Ami aliishika simu, akafungua kinywa, pakawa hapana kitu. Kule upande wa pili mtoto anaita. Aligeuka alikodhani nipo, akanyoosha simu. "Mwambie wewe." Mimi, na Kiingereza changu cha darasa la tano. Alisema, mwambie nilingoja macho. Nikamwambia. Mwambie nilikosea kungoja. Nikamwambia. Salma akauliza kama baba yake atakuja sasa, hata kama haoni. Nikamfikishia Ami swali, na nilitamani sana kulipamba lile jibu, Mungu ananiona. Ami alisema, "Mwambie la." Nikamwambia la. Sikuongeza neno wala sikupunguza, na katika maisha yangu yote sijawahi kufanya kazi nzito kama ile.

Alifariki siku kumi na nne kabla ya ndege ya Salma na mama yake. Tulimzika Ibra. Dada yao Baba na Ami, Shangazi Zainabu, alikuja kutoka Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari pale Sur, na mlangoni akasikia kwa majirani kwamba ugonjwa ulijulikana tangu mwanzo. Na yeye alikuwa ameambiwa presha ya macho. Aliingia akampita Bibi, akamsimamia Baba mbele ya wanawake wote. "Mficha maradhi kifo humuumbua!" akapiga kelele. "Miezi yote hiyo nimekaa mwendo wa saa mbili, nimekuja mara moja! Mara moja, Said!" Baba akaenda kukaa na wanaume nje. Tangu siku ile, kaka na dada wale wakawa watu wa kuulizana hali kwa simu siku ya Idi, na simu yenyewe haimalizi dakika mbili. Bibi alikufa bila ya kuwapatanisha.

Leo mimi ni mtu mzima, nafanya kazi Nizwa, na michezo ile inashuka kwenye simu yangu kabla chai haijapoa. Salma naye ni mtu mzima. Tunaandikiana, na ameshajifunza Kiswahili cha kuombea radhi na cha kusalimia. Watu hupenda kusema dunia imebadilika, madaktari siku hizi wanamwambia mgonjwa mwenyewe, ujinga ule umekwisha. Nami niliamini hivyo, mpaka mwaka huu Baba alipoanza kupungua nguo zikimwelea, nikamleta hospitali Nizwa. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alitoka akauliza nani jamaa wa mgonjwa. Niliinuka nikaingia kwanza. Hakuna aliyenituma. Akaniambia aliyoyaona, na kabla hajamaliza nilisikia mdomo wangu ukisema tafadhali, yeye asiambiwe. Mimi! Mimi niliyeishika ile simu. Nilitoka nikamkuta Baba kwenye kiti na mfuko wake wa dawa mapajani. "Kasemaje?" Nikasema kasema watarudia vipimo, inshallah kheri.

Tulishika njia ya Ibra. Tuliipita Izki, Baba anatazama milima. Karibu na njia ya kuingilia Samad akasema, bila ya kunigeukia, "Ulikaa sana mle ndani." Nikasema palikuwa na foleni ya karatasi. Akaitikia kwa kichwa. "Na mimi nilimwambia Khalfan foleni ya karatasi," akasema. Nikawasha ishara ya kulia. Niliegesha gari pembeni ya barabara, malori yakitupita na kututikisa, na nikamwambia kila kitu, kwa jina lake, kama daktari alivyoniambia. Nililia mimi, yeye hakulia. Alifunga vizuri mkanda wake na kuuweka mfuko wa dawa chini ya miguu. Akasema Ibra nisisimame, nimpeleke moja kwa moja mpaka Aija, kwa Zainabu. Nikamwambia Baba, ni karibu saa tatu za njia, utachoka.

"Wacha nichoke," akasema. "Washa gari."